Visiwa Vilivyouza Siri

Kabongo ni mji wa Waluba kwenye reli itokayo Kamina kuelekea Kabalo, katika jimbo la Haut-Lomami, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Treni ikichelewa, mizigo na wasafiri huchelewa nayo. Pesa siku hizi haziingojei, hupita kwenye simu. Mjane ambaye mwanawe anafanya kazi Kolwezi au Lubumbashi hupokea dola zake hamsini kwenye kibanda cha wakala karibu na soko. Kabla ya kuhesabu noti, wakala humwomba kadi. Kwa kuwa Kongo imepitisha miongo mingi bila kuwagawia raia wake wote kitambulisho cha taifa, kadi hiyo kwa kawaida ni ya mpiga kura. Maandishi yakiwa yamefutika, au kadi ikiwa imepotea njiani wakati wa vita, mama huyo atazungushwa, atatafuta ndugu mwenye kadi, atarudi kesho.

Katika ardhi hiyohiyo, iliyokuwa sehemu ya jimbo la zamani la Katanga, kati ya mwaka 2010 na 2012, hisa za serikali katika migodi mikubwa ya shaba na kobalti ziliuzwa kwa kampuni zilizosajiliwa Karibea, katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Aliyetaka kujua nani hasa alikuwa nyuma ya karatasi hizo hakupata daftari la kufungua. Sheria ya visiwa hivyo haikumlazimu mwenye kampuni kujitaja hadharani.

Ni katika pengo hilo, kati ya mjane anayedaiwa kadi kwa dola hamsini na kampuni inayonunua mgodi bila kuonyesha uso, ambapo habari ya kanuni za fedha za kimataifa inaanza kumhusu mkaaji wa Kabongo. Kwa miaka thelathini nchi kubwa zimekuwa zikitunga kanuni za kufungua vitabu vya visiwa vidogo. Kanuni hizo zimeleta mwanga mahali palipokuwa na giza, na zimewaumiza watu wengi ambao hawakuwa na siri yoyote ya kuficha.

Biashara yenyewe si ngumu kuielewa. Mtu anayetaka kampuni ya kisiwani humlipa wakala, mara nyingi bila kusafiri. Baada ya siku chache anapata cheti, anwani ya sanduku la posta na mkurugenzi wa kukodiwa, ambaye huenda anatia saini kwa niaba ya mamia ya kampuni nyingine. Kwa mtindo wa awali kampuni haikuruhusiwa kufanya biashara na wenyeji wa kisiwa, na kisiwa hakikuitoza kodi ya mapato. Ililipa ada ya kila mwaka tu. Visiwa vya Virgin vilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1984, na leo vina mamia ya maelfu ya kampuni zilizo hai, ilhali wakaaji wake ni makumi machache ya maelfu. Ada hizo ndizo zinazolipa walimu na wauguzi wa huko. Benki za aina hiyo zilifuata mtindo huohuo: leseni hutolewa na kisiwa, lakini mteja, mweka akiba na mkopaji wote wako ng'ambo.

Haifai kuwacheka watu wa visiwani kwa kuichagua njia hiyo. Nchi isiyo na ardhi ya kulima, isiyo na madini, iliyo mbali na masoko, inauza nini? Mwaka 1961 mwanauchumi Mwingereza James Meade, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel, alipoitazama Morisi aliona matumaini madogo: watu wengi, miwa pekee, na ugomvi wa makabila ukinyemelea. Wamorisi hawakukaa wakingoja utabiri huo utimie. Walijenga viwanda vya nguo, wakafungua hoteli, na mwaka 1992 wakatunga sheria ya kuhudumia fedha za wageni. Mkataba wao wa kodi na India uliifanya Morisi kuwa mlango ambao mitaji mingi ilipitia kwenda Mumbai na Bangalore kwa miaka mingi. Wahasibu na wanasheria vijana wa Port Louis walipata kazi ambazo babu zao wa mashamba ya miwa wasingeziota.

Shelisheli ilijaribu bahati kwa pupa zaidi. Mwaka 1995, chini ya Rais France-Albert René, bunge lake lilipitisha sheria iliyomwahidi kinga mwekezaji yeyote atakayeleta dola milioni 10: asirudishwe alikoshtakiwa, na mali yake isitaifishwe. Ilikuwa kama kutundika kibao bandarini kuwakaribisha wakimbizi wa mahakama za dunia nzima. Kelele zikapigwa mara moja. Kikosi kazi cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, kinachojulikana kwa kifupi chake FATF, kiliionya dunia mapema mwaka 1996 kuhusu biashara na Shelisheli. Sheria ile ikafutwa mwaka 2000.

FATF inastahili kuelezwa vizuri, kwa sababu wasomaji wengi husikia jina lake redioni kama vile ni mahakama. Si mahakama, wala si chombo cha Umoja wa Mataifa. Iliundwa mwaka 1989 na kundi la nchi saba tajiri, makao yake yako Paris, na wanachama wake ni wapatao arobaini. Kutoka Afrika nzima mwanachama ni mmoja tu, Afrika Kusini. Nchi nyingine za bara hili hushiriki kupitia makundi ya kanda. Tanzania, Kenya, Uganda, Morisi na Shelisheli zimo katika kundi lenye ofisi yake Dar es Salaam, na Kongo imo katika lile la Afrika ya Kati. FATF haiwezi kumfunga mtu wala kutoza faini. Silaha yake ni orodha.

Juni 2000 ilitoa orodha ya nchi na maeneo 15 yaliyoambiwa hayashirikiani na wengine. Visiwa vilijaa humo: Bahamas, Cayman, Visiwa vya Cook, Dominica, Visiwa vya Marshall, Nauru, Niue, Saint Kitts na Nevis, Saint Vincent na Grenadines. Mwezi huohuo shirika la nchi tajiri, OECD, lilitoa orodha yake ya maficho ya kodi 35.

Orodha isiyo na askari inaumaje? Jibu liko kwenye njia ya dola. Mfanyabiashara wa Lubumbashi akimlipa mwuza pikipiki wa China kwa dola, pesa hizo hazitoki Lubumbashi moja kwa moja hadi China. Benki yake ina akaunti katika benki kubwa zaidi, na hiyo ina njia ya kufika New York, na huko ndiko dola hubadilisha wenyewe. Bila benki hiyo ya kati, benki ya nchi ndogo ni kama kituo cha reli kilichong'olewa vyuma: jengo lipo, treni haifiki. Nchi ikiwekwa kwenye orodha, benki ya New York au Frankfurt hutakiwa kuuliza maswali zaidi kwa kila malipo. Kila swali ni mshahara wa mtu. Siku moja mhasibu wa benki hiyo hupiga hesabu, akaona kuwa faida inayotoka kisiwa cha watu elfu kumi haifikii gharama ya kukichunguza, na akaunti hufungwa. Hakuna aliyehukumiwa kosa. Ni hesabu tu imefanyika mezani, maelfu ya kilomita kutoka kwa wale watakaoumia.

Nauru ilionja jambo hilo mpaka mwisho. Ni kisiwa cha Pasifiki chenye eneo la kilomita za mraba 21 tu, kilichotajirika kwa kuchimba fosfeti mpaka ardhi yake ya kati ikabaki mifupa ya mawe. Fosfeti ilipokaribia kwisha, serikali iligeukia leseni za benki. Benki kama 400 zilikuwa na anwani ya sanduku moja la posta la serikali. Ofisa mkuu wa Benki Kuu ya Urusi, Viktor Melnikov, alisema kwamba mwaka 1998 peke yake takriban dola bilioni 70 zilihamishwa kutoka Urusi kwenda kwenye akaunti za benki za Nauru. Kwa kisiwa cha watu wapatao elfu kumi, hizo hazikuwa pesa za kisiwa kwa maana yoyote. Zilipita tu kwenye karatasi zake.

Mwaka 2002 Marekani iliitaja Nauru kuwa kitisho cha utakatishaji wa fedha. Nauru ikafuta benki zake za ng'ambo, na Oktoba 2005 ikaondolewa kwenye orodha ya FATF. Lakini wakati huohuo Benki ya Nauru, benki ambayo Wanauru wenyewe waliweka akiba zao, ilikuwa imeporomoka kwa usimamizi mbaya, na hakuna benki ya nje iliyotaka kujaza nafasi yake. Miaka ikapita. Watu waliweka noti nyumbani. Mishahara ililipwa kwa fedha taslimu, na pesa zikiisha kisiwani, foleni zilisimama. Tawi dogo la benki ya Australia lilifunguliwa mwaka 2015 tu. Mkaaji wa Kabongo, ambaye anajua maana ya kulala na akiba chini ya godoro na maana ya kukataliwa dola iliyochanika pembeni, anaweza kuwaelewa watu wa Nauru kuliko mwanasheria yeyote wa Geneva.

Niue, kisiwa kingine cha Pasifiki, kina watu wasiofika elfu mbili. Katika miaka ya 1990 kilifanya mapatano na kampuni ya wanasheria wa Panama, Mossack Fonseca, iliyopata haki ya pekee ya kusajili kampuni za kigeni kwa jina la kisiwa hicho. Baada ya orodha ya mwaka 2000, benki kubwa za New York zilikataa kupitisha malipo ya Niue, na hatimaye kisiwa kikaachana na biashara hiyo. Mossack Fonseca ikahamia penginepo. Hilo ndilo jambo ambalo kanuni za miaka ile hazikuliona, au hazikutaka kuliona: kisiwa kilifungwa, fundi wa siri akabeba begi lake akaondoka.

Jina la Mossack Fonseca lilirudi kwa kishindo Aprili 2016, wakati hati milioni 11.5 za ofisi yake zilipovuja na kuitwa Hati za Panama. Mwaka uliofuata, Novemba 2017, zikavuja hati milioni 13.4, zikiwamo za kampuni ya wanasheria Appleby, yenye asili yake kisiwani Bermuda. Humo ndani Kongo ilikuwapo, tena si kwa mbali.

Hadithi ya Katanga ilikuwa imeanza kuandikwa kabla ya uvujaji huo. Mei 2013, jopo la Afrika lililoongozwa na Kofi Annan lilichunguza mauzo matano ya hisa za migodi ya Kongo. Kampuni za serikali, Gécamines ikiwa mbele, ziliuza hisa hizo kwa kampuni za ng'ambo zilizohusishwa na mfanyabiashara Mwisraeli Dan Gertler. Kwa wastani ziliuzwa kwa sehemu moja tu kati ya sita ya bei iliyokadiriwa sokoni. Jopo lilihesabu hasara ya Kongo kuwa si chini ya dola bilioni 1.36, karibu mara mbili ya bajeti ya afya na elimu ya nchi nzima kwa mwaka 2012. Gertler amekana siku zote kwamba alitenda kosa. Desemba 2017 Hazina ya Marekani ilimwekea vikwazo, ikirudia tarakimu hiyohiyo ya bilioni 1.36.

Mtu wa Haut-Lomami hahitaji kuelezwa bilioni moja ni nini kwa lugha ya wachumi. Anajua shule zenye paa la nyasi ambako wazazi walichanga kila mwezi kumlipa mwalimu, hadi serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019. Anajua barabara za udongo ambazo masika huzikata, mahindi na mihogo ikioza huku Lubumbashi ikila unga wa kutoka Zambia. Gécamines ilikuwa mwajiri, hospitali na shule ya familia nyingi za Katanga kwa zaidi ya kizazi kimoja. Kwa Wakatanga, kuuzwa kwa mali yake kwa bei ya kutupa ni habari ya urithi wa nyumbani.

Na hapo umuhimu wa jina la mwenye mali unaonekana. Waluba wa Kabongo wana mapokeo yanayowasaidia kulielewa jambo hili. Katika ufalme wa Waluba, wazee wa chama cha Mbudye walishika lukasa, ubao mdogo wa mti uliopambwa kwa shanga na alama za kuchonga. Mjuzi alipitisha vidole juu ya shanga hizo akisimulia nasaba za wafalme, safari zao na mahali patakatifu. Ufalme ulihifadhi kumbukumbu ya nani alitoka wapi na alikalia kiti kwa haki gani. Kampuni ya kisiwani ni kinyume chake kabisa: ubao uliofutwa kwa makusudi, shanga zote zimetolewa, ili anayepapasa asisome kitu.

Vikwazo vya Marekani vilionyesha pia nguvu ya njia ya dola. Kampuni ya Glencore, inayochimba shaba na kobalti karibu na Kolwezi, ilikuwa na deni la mrabaha kwa kampuni za Gertler. Baada ya vikwazo ilisita kulipa, na Juni 2018 ikatangaza kwamba italipa kwa sarafu isiyo dola. Ililipa kwa yuro. Hivyo mtu aliyezibiwa njia ya New York alipata njia ya kando. Glencore yenyewe ilikiri makosa ya rushwa mbele ya mahakama ya Marekani mwaka 2022, rushwa iliyogusa Kongo miongoni mwa nchi nyingine, na Desemba mwaka huo ikakubaliana na serikali ya Kongo kuilipa dola milioni 180. Mapema mwaka huohuo, Februari 2022, Kinshasa ilikuwa imetia saini mapatano na Gertler ya kurudishiwa mali iliyokadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 2.

Tangu orodha za mwaka 2000 kanuni zimekazwa kwa namna ambayo mwanasheria wa Visiwa vya Virgin wa mwaka 1990 asingeiamini. Tangu mwaka 2017 mamlaka za kodi za nchi nyingi, visiwa vikiwamo, hutumiana kila mwaka habari za akaunti za wageni bila kungoja kuombwa. Tangu Januari 2019 Visiwa vya Virgin, Cayman, Bermuda na Jersey hudai kwamba kampuni za biashara fulani ziwe na kazi ya kweli kisiwani: ofisi, watumishi, vikao. Shelisheli ilitunga mwaka 2020 sheria ya kuwaandikisha wamiliki wa kweli wa kampuni, na mwaka uliofuata ikaagiza vitabu vya hesabu vihifadhiwe nchini humo. Oktoba 2021 nchi zaidi ya 130 zilikubaliana kwamba kampuni kubwa zilipe kodi isiyopungua asilimia 15 popote zilipo. Kenya ilikataa wakati huo, ikiona mapatano hayo yanazifaidi zaidi nchi zenye makao makuu ya kampuni hizo.

Shelisheli hata hivyo imezungushwa kama mtu asiyejua mlango upi ni wa kutokea. Umoja wa Ulaya uliiweka kwenye orodha yake ya kodi Februari 2020, ukaitoa Oktoba 2021, ukairudisha Oktoba 2023, ukaitoa tena Februari 2024. Kila mara wizara ya nchi yenye watu wapatao laki moja na elfu ishirini inatakiwa kuandika sheria mpya, kuwafunza maofisa na kujibu maswali yanayotoka Brussels. Morisi iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, ile ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, Februari 2020, na kuanzia Oktoba mwaka huo ikawa pia kwenye orodha ya Ulaya ya nchi hatari. Waziri Mkuu Pravind Jugnauth aliongoza mwenyewe kamati ya mawaziri kushughulikia jambo hilo, na Oktoba 2021 FATF ikaiondoa. Ilikuwa miezi ishirini. Uganda, iliyoingia siku moja na Morisi, ilichukua miaka minne.

Tofauti hiyo inafundisha. Morisi ina wanasheria, wahasibu na maofisa waliozoea kazi ya fedha za kimataifa, na sehemu kubwa ya uchumi wake ilikuwa hatarini, kwa hiyo kila mtu serikalini alikimbia. Uganda ilibidi ijenge uwezo huo huku ikifanya mambo mengine mia. Watafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa walichapisha mwaka 2021 hesabu yao: nchi ikiwekwa kwenye orodha ya kijivu, mtaji unaoingia hupungua kwa wastani wa asilimia 7.6 ya pato la taifa. Wanaougharimia upungufu huo si wale wenye akaunti za siri. Hao huhamia Dubai au Singapore mapema.

Kongo yenyewe iliingia kwenye orodha ya kijivu Oktoba 2022, pamoja na Tanzania na Msumbiji. Kabla ya mwaka huo kwisha, Desemba 27, ilipata sheria mpya ya kupambana na utakatishaji wa fedha na kufadhili ugaidi, na ofisi yake ya upelelezi wa fedha, CENAREF, ikabebeshwa kazi kubwa zaidi. Katika nchi ambako sehemu kubwa ya akiba za benki ni dola, ambako franka hutumika kununua chumvi na dola kununua pikipiki, swali la kama benki ya New York itaendelea kupitisha malipo ya Kinshasa ni swali la bei ya kila kitu kinachoagizwa kutoka nje. Sabuni, dawa ya malaria, vipuri vya mashine ya kusagia: vyote hupita hapo kabla ya kupanda treni.

Kisha kikaja kikao cha FATF cha Juni 2025, mjini Strasbourg. Tanzania iliondolewa kwenye orodha ya kijivu baada ya karibu miaka mitatu ya kazi. Kongo ikabaki. Na siku hiyohiyo, kati ya walioingizwa upya, yalisomwa majina mawili: Bolivia na Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Kwa hiyo kisiwa kilichosajili kampuni zilizonunua migodi ya Katanga, na nchi iliyopoteza migodi hiyo, vilijikuta kwenye karatasi moja, kwa alama moja ya kijivu. Aliyeshika ngazi na aliyeibiwa wakaandikwa mstari kwa mstari.

Uchungu wa jambo hilo haumwondolei mtu haki ya kuziunga mkono kanuni. Bila madai ya kufungua vitabu, kilichotokea kati ya 2010 na 2012 kinaweza kutokea tena kwa lithiamu ya Manono, katika jimbo jirani la Tanganyika, ambako makampuni tayari yamegombana kisheria. Kudai jina la mmiliki wa kweli ni kudai kitu ambacho Kongo inakihitaji kuliko nchi nyingi duniani. Kasoro ni kwamba mzani unaotumiwa kwa mdogo hautumiwi kwa mkubwa. Orodha ya kodi ya Umoja wa Ulaya haijawahi kuweka jina la nchi mwanachama, ingawa Luxembourg na Malta zimekuwa zikiwahudumia matajiri wa dunia nzima kwa muda mrefu. Novemba 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua kwamba umma hauna haki ya kufungua ovyo daftari za wamiliki wa kampuni, na nchi kadhaa zikafunga tovuti zao. Marekani ilitunga mwaka 2021 sheria ya kuzitaka kampuni kuitaja mikono inayozimiliki, na Machi 2025 Hazina yake ikatangaza kwamba kampuni za Marekani zenyewe hazitadaiwa tena habari hizo. Jimbo lake la Delaware linaweza kuendelea kufanya kile ambacho Niue ilikatazwa.

Hata Visiwa vya Virgin havijitawali kikamilifu. Gavana wake huteuliwa kwa jina la mfalme wa Uingereza, na bunge la London lilipitisha mwaka 2018 sheria ya kuvitaka visiwa vya aina hiyo vifungue daftari za wamiliki kwa umma. Miaka imepita, mazungumzo yameendelea, daftari halijafunguliwa kwa kila mtu. Serikali ya visiwa hujibu kwamba zaidi ya nusu ya mapato yake hutoka katika huduma za fedha, na kwamba tangu kimbunga Irma kilipobomoa Tortola, kisiwa chao kikuu, Septemba 2017 haina chanzo kingine kikubwa kama hicho cha kujengea upya hospitali na shule. Ni jibu la kweli. Mama wa Road Town, mji mkuu wa visiwa hivyo, anayetaka dawati la mwanawe, na mama wa Kabongo anayetaka dawati la mwanawe pia, wote wawili wana haki nalo, na kwa miaka kadhaa dawati la mmoja lilinunuliwa kwa siri iliyomgharimu mwingine.

Jambo moja limebadilika kimyakimya. Oktoba 2024 FATF ilirekebisha namna ya kuchagua nchi za kuchunguzwa. Sasa zinatangulizwa nchi wanachama, nchi tajiri kwa vipimo vya Benki ya Dunia, na zile ambazo sekta yake ya fedha ina mali inayozidi dola bilioni 10. Nchi maskini kabisa hazitachunguzwa kwa msukumo uleule isipokuwa hatari yake ni kubwa. Ilichukua miaka thelathini na mitano kwa walioandika orodha kukubali kwamba walikuwa wakiwabana zaidi wale wasioweza kujitetea.

Kongo ilikwisha kuwekwa kwenye orodha kabla ya mabadiliko hayo, kwa hiyo itabidi imalize kazi iliyopewa. Kwa nchi kama hiyo maana yake ni kuwafuatilia wenye dhahabu inayovuka mipaka ya mashariki kuelekea Dubai, kuwachunguza wauza nyumba na madini, kuwafikisha mahakamani watakatishaji wakubwa badala ya wadogo. Umoja wa Falme za Kiarabu, ambako dhahabu nyingi hiyo huishia, ulikuwa kwenye orodha ya kijivu kuanzia Machi 2022 na ukaondolewa Februari 2024.

Sehemu ya kazi ambayo haipelekwi Paris iko kwenye vibanda vya simu. Sheria mpya zikidai kitambulisho kwa kila anayetuma na kupokea, wakala wa Kabongo atazidisha ukali wake, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kufungiwa laini akikosea. Juni 2023 serikali ilizindua kadi mpya ya uraia mjini Kinshasa, lakini kutoka Kinshasa hadi kwenye reli ya Kamina na Kabalo ni mbali. Mpaka kadi ya namna hiyo ifike, mama mwenye dola hamsini atasimama mbele ya dirisha dogo la mbao na kadi ya kura ya uchaguzi uliopita, akiomba jina lake lisomeke.